Njia ya Likasi: kwa nini pikapu inarusha mkia ndani ya kona

Juma hili tunatembea njia ambayo wengi wetu tunaijua kwa mgongo na kiuno kuliko kwa ramani: barabara ya kutoka Lubumbashi kwenda Likasi na kuendelea hadi Kolwezi. Tunaipita tukiwa na magunia ya makala, kasha za samaki wa Kapolowe, bidoni za mafuta, mafurushi ya vitenge. Mara nyingi tunaipita katika pikapu. Na kila mmoja wetu aliyekwisha kupanda pikapu anajua ile dakika: gari liko ndani ya kona, linakuta matuta, na nyuma yake yote inaruka kwenda pembeni, mara moja, mara mbili, kama mbuzi anayekataa kamba. Watoto wanalia, mtu anaita jina la Mungu, na shofa anasema, "Msiogope, ndiyo tabia yake."

Ni kweli, ni tabia yake. Lakini kila tabia ina chanzo, na hii ina chanzo ambacho mama yeyote anayejua kubeba ndoo kichwani anaweza kukielewa. Tena, sehemu kubwa ya chanzo hicho iko mikononi mwetu sisi wenye mzigo.

Njia yenyewe

Kutoka Lubumbashi mpaka Likasi ni kilomita karibu 120. Ukiacha nyumba za mwisho za mji, unaingia katika pori la miti ya kwetu, na vichuguu vikubwa vinasimama kando kama nyumba ndogo za udongo. Hapo ndipo wanapouza. Wakati wa mvua ni uyoga na vinkubala; wakati wa kiangazi ni asali na makala. Unapita Luisha na machimbo yake. Baadaye unashuka katika bonde la Lufira, na upande mmoja ni njia ya kwenda Kapolowe, ambako wamama wanangoja mitumbwi itoke katika ziwa Tshangalele, lile lililotokea mto ulipofungwa kwa ukuta wa Mwadingusha. Samaki wa pale hawangoji: akivuliwa alfajiri, anatakiwa sokoni Likasi au Lubumbashi kabla jua halijakuwa kali. Kwa hiyo safari yake ni ya haraka, na haraka hiyo ndiyo tutakayoizungumzia.

Likasi ni mji wa vilima. Kutoka hapo kwenda Kolwezi zinabaki kama kilomita 180, na ndiyo sehemu inayopanda na kushuka zaidi. Unapita Kambove, unapita Mulungwishi, unapita Fungurume na milima yake iliyochimbwa, na unavuka Lualaba kabla ya kufika Kolwezi. Mpaka mwaka 2015 yote hii ilikuwa Katanga moja. Leo unaanza safari Haut-Katanga na kuimaliza Lualaba.

Katika njia hii hatuko peke yetu. Zamani shaba ilisafiri kwa treni: reli ilifika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na Bukama mwaka 1918. Leo shaba nyingi inasafiri kwa malori marefu yanayoelekea Kasumbalesa, na kutoka huko mpaka bandari za mbali kama Dar es Salaam na Durban. Yakirudi yanabeba mafuta, asidi, mashine na unga. Ukiwa mbele yake unasikia pumzi yake mgongoni. Ukiwa nyuma yake unakula moshi wake.

Matuta yanatoka wapi

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini matuta yanapenda kona? Kwa nini njia iliyonyooka iwe laini, halafu pale pa kugeuka pawe na mawimbi?

Jibu liko katika uzito wa malori hayo. Jua linapopiga, lami inalainika kidogo, kama sabuni iliyoachwa karibu na moto. Lori lenye mzigo mkubwa likifika penye kona au mteremko, linafunga freni, na mapine yake yanaisukuma lami mbele. Likitoka ndani ya kona au likipanda kilima, linakaza injini, na mapine yanaisukuma lami nyuma. Lori moja halifanyi kitu. Lakini yakipita mengi kila siku, miaka na miaka, lami inajikunja na kufanya mifereji na mawimbi. Halafu mvua inaingia katika nyufa, maji yanalegeza udongo wa chini, na mashimo yanazaliwa.

Katika njia za udongo ni vilevile. Ile mikunjo kama bati inazaliwa zaidi pale ambapo magari yanafunga freni na pale ambapo yanaanza tena kukimbia. Kwa hiyo si bahati mbaya kwamba tuta na kona vinakutana. Kona ndiyo inayozaa tuta. Shofa mwenye akili anajua hivyo: akiona kona, anahesabu kwamba kuna matuta ndani yake hata kama hajayaona.

Gari lililotengenezwa kwa ajili ya mzigo

Sasa tuitazame pikapu. Mbele kuna injini na kabini, vitu vizito. Nyuma kuna sanduku tu, la bati. Ikiwa tupu, uzito mwingi uko mbele, na nyuma ni nyepesi.

Lakini nyuma hiyo nyepesi imefungiwa resori ngumu. Ziangalie siku moja gari likisimama: ni vyuma virefu vilivyopinda, vimepangwa kimoja juu ya kingine. Vimewekwa vigumu kwa sababu pikapu nyingi tunazozijua zilitengenezwa kubeba karibu tani moja. Resori inayoweza kuchukua tani moja haiwezi kuwa laini wakati hakuna kitu juu yake. Ni kama kitanda cha watu watano akilala mtoto mmoja: hakishuki hata kidogo.

Gari dogo la kawaida likikuta tuta, resori zake laini zinajikunja, pine linapanda na kushuka, na mwili wa gari unabaki umetulia. Pikapu tupu ikikuta tuta lile lile, resori hazijikunji vya kutosha. Tuta linarusha nyuma yote juu, na kwa kitambo kifupi mapine yanabaki yakigusa njia kidogo sana, au hayaigusi kabisa.

Jambo la pili. Katika pikapu nyingi, magurudumu mawili ya nyuma yameunganishwa na mhimili mmoja mzito wa chuma unaotoka upande mmoja hadi mwingine. Gurudumu la kulia likipanda juu ya tuta, la kushoto nalo linainama. Hakuna lililo huru. Ni kama wamama wawili waliobeba pipa kwa mti mmoja mabegani: mmoja akijikwaa, mwingine anayumba. Na kwa kuwa mhimili huo ni mzito, ukisharushwa juu unachelewa kurudi chini.

Tena, resori zile ndizo zinazoushika mhimili ukae mahali pake. Gari likiinama upande katika kona, resori ya upande mmoja inabanwa na ya upande wa pili inaachiwa, na mhimili unaweza kukaa mshazari kidogo sana. Kidogo tu, lakini shofa anausikia: kama vile magurudumu ya nyuma nayo yanataka kushika usukani.

Ndani ya kona kunatokea nini

Gari likiwa katika kona, kuna nguvu inayotaka kulitupa nje, ile inayokusukuma bega kwenye mlango. Kinacholishika ni mapine tu, pale yanapokanyaga njia. Sehemu hiyo si kubwa: kila pine linakanyaga eneo kama la kiganja. Viganja vinne, basi. Pine likibanwa chini kwa uzito, linashika vizuri. Likinyanyuliwa, halishiki.

Kwa hiyo fikiri: gari linageuka, mapine ya nyuma yanafanya kazi ya kulizuia lisitupwe nje, na wakati huohuo tuta linayarusha juu. Kwa kitambo kile hakuna anayelishika. Nyuma inateleza kwenda nje, labda upana wa kiganja. Halafu mapine yanaanguka, yanashika tena kwa nguvu, na gari linashtuka. Likija tuta la pili, mambo ni yaleyale. Hizo ndizo zile hatua za pembeni tunazozisikia viunoni. Njia iliyonyooka ikiwa na matuta hayohayo, tunaruka juu na kushuka tu, kwa sababu hakuna kinachotusukuma pembeni.

Hapa mwendo unaingia. Ukizidisha mwendo mara mbili, nguvu ya kukutupa nje ya kona haizidi mara mbili, inazidi mara nne. Kutoka kilomita 60 kwa saa kwenda 80 tunaona ni nyongeza ndogo, lakini katika kona ileile nguvu ile inakaribia kuwa maradufu. Na kwa mwendo wa 80 gari linakula mita 22 kila sekunde. Shofa akishtuka, kabla hajafanya lolote, kona nusu imekwisha.

Ndiyo maana freni zinatakiwa kabla ya kona, siyo ndani yake. Shofa akifunga freni ghafla akiwa ameshageuka, uzito wote unakimbilia mbele, na nyuma, ambayo tayari ni nyepesi, inakuwa nyepesi zaidi. Alitaka kuokoa, anaharibu. Afadhali apunguze mwendo njia ingali imenyooka, aingie polepole, mguu umetulia, usukani bila kukatakata. Kama amekuta matuta yuko ndani tayari, aachie mafuta taratibu na ashike usukani kwa utulivu. Wazee walisema mwenda pole hajikwai. Katika kona hiyo siyo methali tu.

Amortisa, mapine na resori za kuongeza

Karibu na resori kuna bomba zenye mafuta ndani: ndizo amortisa. Kazi yake ni kuituliza resori ikisharuka. Bila amortisa, resori inapanda na kushuka kama mpira wa watoto, na gurudumu linaendelea kudunda njiani hata tuta likiwa limebaki nyuma. Amortisa zikifa, gari linaendelea kutembea, kwa hiyo wenye magari wengi wanaziacha zife. Wewe unaweza kuziona: mafuta yanayovuja juu ya bomba, na vumbi limegandamana pale. Unaweza pia kusukuma kona ya gari chini kwa nguvu na kuachia. Likipanda na kutulia, vizuri. Likiendelea kucheza mara mbili, mara tatu, amortisa imechoka. Kwa nyuma ya pikapu tupu, ambayo ni ngumu, jaribio hilo halisemi mengi. Hapo angalia mafuta yanayovuja.

Mapine nayo yana neno. Yakijazwa upepo wa kubebea tani moja na gari likarudi tupu, yanakuwa magumu kama jiwe na yanadunda. Yakiwa na upepo mdogo huku gari limejaa, yanalala upande katika kona, yanapata moto na yanaweza kupasuka. Kiasi kinachotakiwa kimeandikwa kwenye karatasi ndogo, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango wa shofa: kiasi kimoja cha gari tupu, kingine cha gari lenye mzigo.

Na kuna desturi ya garaji zetu: kuongeza vyuma katika resori ili pikapu ibebe zaidi. Gari linaonekana limenyanyuka nyuma, kama kuku anayenywa maji. Ikiwa tupu, pikapu hiyo inaruka kuliko nyingine zote. Ikijazwa, resori zinaweza kustahimili, lakini freni, mapine na mhimili havikuongezwa nguvu. Tukiliona gari la namna hiyo, tujue linatembezwa kwa kazi isiyo yake.

Mzigo wetu

Hapa ndipo sisi tunaingia. Mtu anaweza kufikiri: kama pikapu tupu inaruka, basi tuijaze, itatulia. Kweli, mzigo wa kiasi unaituliza. Pikapu yenye kilo mia tatu au mia nne, zilizolazwa chini vizuri, inakwenda kwa heshima kuliko tupu. Lakini mzigo una njia tatu za kuharibu.

Ya kwanza ni kuzidi. Magunia 20 ya kilo 50 ni tani moja tayari. Tukiongeza watu kumi juu yake, wa kilo 60 kila mmoja, tumeongeza kilo 600. Hapo resori zimelala mpaka mwisho, hazina tena nafasi ya kujikunja. Tuta linagonga chuma kwa chuma, na gari linaruka lote zima.

Ya pili ni kuweka mzigo nyuma kabisa. Mfano tunao: watoto wanaopanda ubao wa kupanda-kushuka. Uzito ukikaa nyuma ya magurudumu ya nyuma, mbele inanyanyuka. Usukani unakuwa mwepesi, na shofa anageuza lakini gari linachelewa kumsikia. Vitu vizito vinatakiwa mbele ya sanduku, karibu na kabini, chini kabisa. Unga na bidoni chini, mbele. Makala na vitu vyepesi juu.

Ya tatu ni urefu. Mama mwenye ndoo kichwani anageuka taratibu, anajua akigeuka ghafla ndoo inabaki inakwenda ilikokuwa inakwenda. Pikapu yenye magunia mpaka juu ya kabini ni mama huyo mwenye ndoo. Kila kilichoko juu kinavuta nje ya kona. Na mzigo ambao haukufungwa unahama: kasha moja likiteleza upande, kona ya pili inakuta gari limekwisha kuinama. Bidoni ya nusu ni mbaya kuliko iliyojaa, kwa sababu maji au mafuta yanakimbilia upande ule ule gari linaloinamia. Tujaze bidoni au tuzibanane, na kamba zifungwe kwa msalaba, siyo moja tu ya kupita juu.

Nani anakaa wapi

Tuseme wazi, wamama. Kukaa juu ya mzigo ndiyo nafasi ya bei ndogo, na ndiyo nafasi inayoua. Kule juu hakuna mkanda, hakuna mlango, na hatua moja ya pembeni inatosha kumtupa mtu. Tunajua kwa nini tunakaa pale: pesa ya kabini ingekula faida ya kasha zima la samaki. Pia tunataka kuona mzigo wetu, usipungue njiani.

Lakini vikundi vyetu vina nguvu ambayo mama mmoja hana. Tunajua kufanya likelemba kwa sufuria na kwa ada za shule. Tunaweza kuifanya kwa safari. Wamama sita wanakodi pikapu moja kwa mizigo yao yote. Mmoja, kwa zamu, anakaa kabini kuilinda. Watano wanapanda bisi. Wakigawana gharama ya mlinzi huyo na ya bisi, kila mmoja anajua anatoa kiasi gani na anafika na mifupa yake yote. Mwenye mtoto mgongoni asipangiwe juu ya magunia, hata kama mwenyewe anakubali.

Na tuseme na shofa kabla ya kulipa, siyo ndani ya kona. Pesa ikiwa bado mfukoni mwetu, maneno yetu yana uzito:

"Papa shofa, mzigo tutaupanga pamoja, vizito mbele."

"Mama, nimezoea kazi yangu."

"Tunajua umezoea, ndiyo maana tumekuja kwako. Tunaomba tu: kwenye kona za Likasi upunguze kabla ya kuingia. Tukichelewa nusu saa, hatutakudai."

Neno hilo la mwisho ni la maana. Mara nyingi shofa anakimbia kwa sababu sisi wenyewe tumempigia simu mara tano tukiuliza samaki wako wapi. Tukitaka aende pole, tumpe ruhusa ya kuchelewa, tena tuitoe mbele ya wote.

Ya kukumbuka

Kabla ya kupanda, tazameni chini ya gari kama amortisa zinavuja, tazameni mapine, tazameni mzigo uko wapi. Ulizeni gari linaruhusiwa kubeba kilo ngapi. Imeandikwa katika karatasi zake. Mvua ya kwanza ikinyesha baada ya kiangazi, vumbi na mafuta ya malori vinakuwa utelezi juu ya lami. Siku hiyo hata shofa mzuri anatakiwa kupunguza zaidi. Na pikapu ikianza kurusha mkia mara kwa mara, hata penye matuta madogo, msiseme ni tabia yake. Gari linasema limezidiwa, au limepangwa vibaya, au linakimbizwa. Mwambieni shofa asimame mahali pa usalama, mshuke, mpange upya.

Matuta ya njia hii hatuwezi kuyaondoa sisi, ingawa tunalipa peaje na tuna haki ya kuuliza pesa inakwenda wapi. Kona hatuwezi kuzinyoosha. Ila gunia liwe wapi, nani akae juu yake, na shofa aambiwe nini kabla ya kuwasha gari, hayo yako katika uwezo wetu. Kila kikundi kiyazungumze katika mkutano ujao, na wale wanaokwenda Kapolowe juma lijalo waanze wao.